Siku ya Kumlimia Ignasi

Wifi yangu Josefina alinigongea alfajiri, jembe begani, khanga kaifunga kiunoni kama mtu anayewahi foleni ya sukari. Nje ukungu ulikuwa umelala mpaka kwenye kizingiti. Februari ya Ufipa haina huruma na magoti ya mtu: mvua hainyeshi wala haikatiki, inanyunya tu, na baridi inapanda kutoka ardhini. Nikamwambia nikiwa bado ndani ya blanketi, "Wifi, leo mwili hautaki."

"Mwili wako ulitaka lini? Amka twende."

Nikaamka. Nilinung'unika nikitafuta jembe, nikanung'unika nikifunga mlango, na njiani nikaendelea. Josefina hakujibu. Ameshanizoea, na mimi nikikaa kimya huwa ananiuliza kama naumwa.

Ilikuwa siku ya kuwalimia askari. Vita vya Kagera vilipokwisha, kijiji kilikaa kikao kikakubaliana kwamba kila mwaka, msimu wa kupiga matuta, Jumamosi moja itakuwa ya wale waliorudi bila mkono, bila mguu, bila macho. Kazi ya kujitolea, malipo hakuna. Miaka ile ilikuwa kama sherehe. Balozi wa nyumba kumi anapuliza filimbi, wanafunzi wanaimba, wanaume wanashindana kwa majembe, na mitungi ya kimpumu, pombe yetu ya ulezi, inawasubiri nyuma ya nyumba. Jioni ikifika shamba zima limejaa matuta.

Halafu ikaja ruksa. Kuuza ruksa, kununua ruksa, kuvuka mpaka ruksa. Mwenye baiskeli akaenda Kasesya kufuata sukari na sabuni za Zambia, mwenye kamtaji akashuka Kabwe ziwani kununua dagaa, na Jumamosi ikageuka siku ya gulio. Hakuna aliyesimama akasema sasa tuache kuwalimia askari. Watu walipungua tu mwaka hata mwaka. Na askari wenyewe walipungua: mmoja alifariki, mwingine alichukuliwa na wanawe wakahamia Mbeya. Akabaki Ignasi, kipofu, na sisi tukabaki wanawake watatu. Hellena, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisani, alikwenda kwa sababu anamwogopa Mungu. Mimi nilikwenda kwa sababu namwogopa Josefina.

Josefina alikuwa na sababu yake, na hapakuwa na mtu asiyeijua. Mwanawe wa pekee, Kornel, mtoto wa marehemu kaka yangu, alipakiwa lori moja na Ignasi mwaka ule wa sabini na nane. Walikuwa mgambo wote wawili, marafiki tangu kuchunga mbuzi. Ignasi alirudi bila macho. Kornel hakurudi. Tulipomuuliza Ignasi, alisema walipotezana usiku, ng'ambo ya Masaka huko Uganda, na hakumwona tena. Serikalini nako hatukupata jibu la maana. Hawakusema yuko hai, hawakusema amekufa. Basi Josefina akaling'ang'ania lile neno la Ignasi. Mtu aliyepotea anaweza kupatikana. Alikataa matanga, alikataa kunyoa, na shati la Kornel lilikaa sandukuni akilifua kila Pasaka. Mwaka mmoja nilithubutu kumwambia, wifi, tumlilie mtoto yaishe. Hakunisemesha tangu mavuno mpaka mvua za kwanza. Na kila msimu wa matuta aliamka mapema kuliko wote kwenda kumlimia Ignasi, kwa sababu Ignasi ndiye mtu wa mwisho aliyemwona mwanawe, na labda siku moja angekumbuka jambo.

Hayo niliyazoea. Lililoninyima usingizi mwaka ule lilikuwa jingine. Palikuwa na mchuuzi mmoja aitwaye Meshack, mtu wa Kasesya, anauza mafuta ya kula na betri. Siku ya gulio alimwambia Josefina kwamba upande wa Zambia, pale Mbala, ameona fundi viatu anayezungumza Kifipa safi, aliwahi kuwa askari, aligongwa kichwani na jina lake halikumbuki vizuri. Josefina akamuuliza kidevu kikoje, maana cha Kornel kilikuwa na kishimo. Meshack akasema kidevu kimeingia ndani kidogo, hapa katikati. Kwa kweli Josefina ndiye aliyeanza kujigusa kidevu wakati anauliza, mimi nilikuwepo, niliona. Meshack akasema atampeleka, ila patahitajika nauli ya lori na kitu cha kuwalainisha watu wa mpakani. Josefina akaafikiana na Nyanda, yule Msukuma mwenye makundi ya ng'ombe bondeni, amuuzie ng'ombe wake. Josefina ana mmoja tu. Maziwa yake ndiyo chumvi ya Josefina, ndiyo sabuni, ndiyo dawa akiumwa. Nyanda angekuja kumchukua asubuhi baada ya siku hii ya kulima, na mchana Josefina angepanda lori na Meshack.

"Wifi," nilimwambia njiani, "yule mtu ni tapeli."

"Umeshasema."

"Nasema tena. Ukirudi kutoka Mbala bila ng'ombe na bila Kornel, utakula nini?"

Josefina alisimama. Mvua ilikuwa imemlowesha kope. "Na kama ni yeye, Fortunata? Kama ni yeye anashona viatu vya watu, hajui kwao wapi, na mimi nimekaa nyumbani nakamua ng'ombe?"

Nikashika njia. Akiniita kwa jina badala ya wifi huwa najua hapo hapasogei.

Ignasi alikuwa amekaa mlangoni kwake, kajifunika koti la jeshi lililokwisha mabega. Ni mtu wa makamo, hajafika hata arobaini, lakini ukimwona alivyokaa unamdhania mzee. Nyasi za paa zilikuwa zimeoza upande wa magharibi. Mkewe alimkimbia zamani na dereva, dada yake yuko Sumbawanga mjini na humtumia unga anapokumbuka. Maharage yanayoota juu ya matuta tunayompigia siku hii moja, na ulezi wa mwaka unaofuata, ndicho chakula chake. Mwaka ambao hatukuja, na ulikuwepo, kwa sababu ya kipindupindu, alizunguka nyumba kwa nyumba na bakuli.

"Shikamoo mama," alisema kabla hatujafika uani.

"Marahaba mwanangu. Umeamkaje?"

"Nimeamka. Na shangazi yumo, nasikia anavyopumua."

"Napumua kwa hasira," nikasema. "Shamba lako limejaa majani kama limetelekezwa."

"Ndiyo nimekutunzia, shangazi. Matuta yanataka majani."

Kwa hilo alikuwa sahihi. Kulima kwetu si kama kwa watu wengine. Sisi hatuchomi majani wala hatuyatupi. Unalaza majani, unakata bonge la udongo na majani yake, unaligeuza kifudifudi, na jingine, na jingine, mpaka umefunga duara. Halafu unajaza udongo juu, tuta linakaa kama chungu kilichofunikwa, na majani yanaozea ndani yanakuwa mbolea. Wenyewe tunayaita ntumba. Mtoto wa Kifipa anajua kupiga ntumba kabla hajajua sala. Tukajipanga, Hellena kulia, mimi kati, Josefina kushoto karibu na Ignasi, tukaanza. Ignasi alikaa juu ya gogo pembeni ya shamba akisokota kamba za magome, kama kila mwaka.

Josefina hakukaa na neno lake muda mrefu. Mabonge ya kwanza tu yalipogeuka, akasema, "Ignasi mwanangu, mwakani huenda nikaja na mwenzio."

Mikono ya Ignasi ikasimama kwenye kamba.

Akamweleza yote: Meshack, Mbala, fundi viatu, kidevu, ng'ombe, lori. Alieleza huku analima, hata hakutweta, na sauti yake ilikuwa nyepesi kama ya msichana anayeeleza habari za posa. Iliniuma kuisikia. Mwishowe akanyoosha mgongo, akauliza, "Sasa wewe uliyekuwa naye, niambie. Inawezekana? Apigwe kichwani, apotee, atembee weee, mpaka afike Mbala?"

Ignasi aliiweka kamba chini. Hellena naye akaacha kulima.

"Mbala mbali, mama," akasema.

"Sikuuliza mbali wala karibu. Nimeuliza inawezekana?"

"Watu hupotea," akasema Ignasi, akainamisha kichwa. "Vitani watu hupotea mbali."

Nilitamani kumrushia bonge la udongo. Neno moja tu la haiwezekani lingetosha, na yeye anatafuna maneno. Josefina akafurahi, akarudi kwenye jembe lake, akapiga tuta kubwa kuliko yote ya asubuhi ile.

Mchana tulikula kwa Ignasi, ugali wa ulezi tuliokuja nao na maharage ya jana. Josefina na Hellena walipokwenda kisimani kunawa na kuteka maji, nikabaki makusudi. Nikamsogelea Ignasi, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Sikiliza baba. Yule mama anakusikiliza wewe kuliko padri. Mwambie asiende."

"Nitamwambiaje, shangazi?"

"Mwambie ulisikia Kornel amekufa. Mwambie mtu fulani aliona. Danganya. Mungu nitaongea naye mimi."

Akanigeuzia uso. Macho yake yamefumba siku zote, lakini alinielekea kama anayeona. "Unataka nimdanganye mama?"

"Nataka ng'ombe abaki. Nataka wifi yangu asiende kuombaomba Zambia. Wewe hutaki?"

Aliokota fimbo yake. Nilipogeuka, Josefina alikuwa amesimama kwenye njia ya kisima na ndoo kichwani, anatutazama. Sikujua amesikia nini. Nikaanza kuosha sahani kwa kelele.

Tuliporudi shambani, Ignasi alikuja nyuma yetu akipapasa kwa fimbo. Hakwenda kwenye gogo lake. Alisimama ukingoni, mvua inamnyunyia kichwani, akasema, "Nipeni jembe."

Hellena akacheka. "Kaa tu baba, tumekuja kukulimia sisi."

"Nipeni jembe na mimi."

Miaka yote ile hajawahi kuomba jembe. Tulimpa la Hellena, kwa sababu Hellena alikuwa amechoka. Akapapasa majani kwa mguu, akalaza, akakata bonge la kwanza, akaligeuza. Mikono ilikumbuka. Sisi tukaendelea na yetu, tukimwangalia kwa pembeni asijikate. Alilima bila kupumzika. Jasho na mvua vikachanganyika usoni. Lakini tuta lake halikufunga duara. Bonge baada ya bonge lilikwenda mbele moja kwa moja, halafu likageuka, likarudi kando ya lile la kwanza. Alipoanza kujaza udongo katikati, mdomo wangu ukaniponyoka kama kawaida yake.

"Baba, hilo ni tuta au unazika mtu?"

Hellena alicheka. Mimi pia nilicheka. Ignasi akasimamisha jembe, akaliegemea.

"Nazika mtu, shangazi," akasema. "Mama Kornel, tuta nililompigia mwenzangu lilikuwa hivi. Sikuwa na msalaba, sikuwa na sanda. Nilikuwa na sepeto ya kuchimbia handaki, na majani yalikuwepo, marefu kama haya. Nikampigia ntumba. Lilikuwa refu kidogo, kwa sababu alikuwa mrefu."

Nikasikia maji ya mvua yakidondoka kutoka kwenye majani.

Josefina hakumtazama Ignasi. Alinitazama mimi.

"Fortunata," akasema, "umemfundisha."

"Wifi, mimi..."

"Nimekuona ukimnong'oneza. Umeshindwa kunizuia kwa mdomo wako, sasa umemtia maneno kipofu. Kwa ajili ya ng'ombe. Huoni aibu?"

Ulimi wangu, ambao haujawahi kukosa la kusema tangu nizaliwe, ulikauka. Ningesema nini? Kwamba nilimtuma aseme uongo, na naona ameleta kweli? Nilitaka ardhi inifunike pale pale. Josefina akachukua jembe lake, akalitia begani, akafunga khanga upya. "Kesho naondoka," akasema. "Malizieni wenyewe."

"Kwenye upindo wa kiuno wa suruali yake," akasema Ignasi, "palikuwa na ulezi."

Josefina akasimama.

"Nilipomgeuza nimlaze vizuri, nikashika kitu kigumu kiunoni. Nikapasua uzi. Kilikuwa kitambaa cheusi, kimefungwa mafundo, ndani yake punje za ulezi. Nilijua ni wa ghala la kwenu. Sikuuliza, niliona ni mambo ya mama na mtoto."

Mimi sikuujua huo ulezi. Hellena, mwenyekiti wa jumuiya, anayejua dhambi za kijiji kizima, hakuujua. Wifi yangu alikuwa ameshona mbegu ya ghalani kwenye suruali ya mwanawe ili ardhi ya kwao imvute kurudi, kama bibi zetu walivyofanya, na alikuwa ameficha kwa sababu padri wetu wa wakati ule alikuwa mkali kwa mambo hayo. Jembe likaanguka kutoka begani.

"Uliufanyia nini?" akauliza. Sauti haikuwa yake.

"Nikaumwaga juu ya tuta, nikaufukia kwa vidole. Sijui kama uliota, mama. Siku chache baadaye ndipo bomu lilipochukua macho yangu."

Josefina akakaa chini, kwenye tope, miguu mbele kama mtoto mdogo. Nilimkimbilia, akanisukuma kwa kiwiko.

"Alisema nini?"

"Alisema ana kiu."

"Ukampa maji?"

Ignasi akatikisa kichwa. "Hayakuwepo. Tulikuwa tumelala kwenye mtaro tangu asubuhi. Nilimwambia yanakuja. Nilimwambia hivyo mpaka akanyamaza."

Nililia mimi. Nilikuwa nimemlilia Kornel peke yangu, kimyakimya, zamani, nikadhani nimemaliza. Kumbe sikuwa nimeanza. Nilikumbuka alivyokuwa akija kwangu kuomba maziwa yaliyoganda, anakunywa kwa kupumua ndani ya kibuyu, nami namfokea. Hellena alikuwa amepiga magoti anasali, midomo inakwenda haraka haraka.

Josefina hakulia. Aliuliza polepole, kila neno peke yake. "Miaka yote hii, Ignasi. Kila mwaka nakuja hapa. Kila mwaka nakuuliza. Kwa nini?"

Ignasi alipiga magoti kando ya lile tuta lake refu, akaweka viganja juu ya udongo. "Ulipokuja mara ya kwanza nilikuwa ndiyo nimetoka hospitali. Ulileta kuku. Nikasikia sauti yako, nikashindwa, nikasema tulipotezana. Mwaka wa kwanza nilikuonea huruma wewe. Mwaka wa pili nilijionea huruma mimi." Akameza mate. "Watu walianza kuacha kuja. Mke ameondoka. Wewe ulikuja, ukawaleta na hawa. Mama, ningekuambia Kornel amekufa, ungekuja kunilimia?"

Nilimgeukia wifi yangu. Hellena naye aliacha sala. Nilidhani atamtukana, au atamnyanyulia jembe, na nakiri nisingemzuia. Nilidhani pia labda atasema ningekuja mwanangu, kwa sababu Josefina ni mtu wa namna hiyo, au ndivyo nilivyomjua.

Alisogea kwa magoti mpaka kwenye tuta. "Kichwa ulikiweka upande gani?"

Ignasi akapapasa, akaonyesha. Josefina akalaza shavu lake hapo, kwenye mabonge yaliyogeuzwa, kwenye tope, na hapo ndipo kilipomtoka kilio. Kilio kile sikitaki masikioni mwangu tena. Watu walikisikia mpaka ng'ambo ya mto, wakaja wakikimbia, wakidhani Ignasi amekufa.

Kesho yake asubuhi Nyanda alikuja na kijana wake na kamba ya kufungia ng'ombe. Alitukuta tumekaa matanga, wanawake chini, moto umewashwa uani. Aliuliza kwa heshima nani amefariki, akaambiwa. Akaiweka kamba, akakaa na wanaume mpaka jua likazama, akaondoka bila kutaja biashara. Meshack alipita na lori mchana, akaona watu, akamwambia dereva akanyage mafuta. Ng'ombe tulimchinja siku ya tatu. Mji hauwezi kupokea watu wa ukoo mzima kwa maharage. Nilimpigania yule ng'ombe kwa uongo na kwa ukweli, na mwishowe nilikaa nikiosha utumbo wake.

Wazee wa ukoo walitaka shati la Kornel lizikwe nyumbani, karibu na baba yake. Josefina alikataa. Alisema kaburi limeshapigwa, na limepigwa na aliyemzika, hakuna jingine. Kwa hiyo tulikwenda kwa msafara mpaka shambani kwa Ignasi, padri akaja kwa pikipiki, tukafungua lile tuta refu, tukalaza shati, tukafunika. Ignasi alisimama mbali, karibu na mlango wake, na koti lake lililokwisha mabega. Hakuna aliyemkaribisha. Hakuna aliyemfukuza.

Maharage ya matuta tuliyokuwa tumeyamaliza asubuhi ile yaliota, akayavuna kwa kupapasa. Yalikuwa machache. Msimu uliofuata sikusikia mtu akitaja siku ya kuwalimia askari. Hellena aliniambia jumuiya itapanga. Mpaka leo wanapanga. Mimi humpelekea kibaba cha unga ninapoweza, nakiacha mlangoni, namfokea kuhusu paa, naondoka. Simlaumu Josefina, na Ignasi simlaumu, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, maana nimezoea kuwa na wa kumlaumu.

Shamba lile sasa ni majani matupu, isipokuwa mahali pamoja. Kila Jumamosi Josefina anakwenda na jembe lake. Anapita uani kwa Ignasi, hakuna njia nyingine. Analipalilia tuta refu pande zote, anang'oa kila jani, anarudishia udongo uliotelemshwa na mvua. Amepanda ulezi juu yake. Shamba lililobaki haligusi, hata majani yanayomgusa miguu anayaruka.

Ignasi hukaa mlangoni. Anazijua hatua zake. "Shikamoo mama," anasema.

Josefina analima. Akimaliza anafuta jembe kwa majani, analitia begani, anapita mbele yake, anarudi nyumbani.

"Shikamoo mama," anasema tena Ignasi.